Masika Niliyomsikia Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana, na wanajeshi wameingia nayo kazini kwetu. Walipanda ngazi za posta na viatu vya matope, wakaweka meza yao kando ya swichibodi yetu ya kuunganishia simu, kisha kapteni wao, mtu mwembamba wa miwani, akatutangazia kwamba kuanzia sasa nusu ya laini ni za jeshi. Sisi wanawake tutaendelea kuziunganisha, kwa sababu hana watu wanaoijua mashine hii kongwe. Akatuapisha mmoja mmoja.

"Mnachokisikia humu kinaishia humu," alisema. "Si mume, si rafiki, si mama mzazi."

Msimamizi wetu, ambaye hata kabla ya vita alikuwa hatuachii tupige chafya kwa raha, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyempata wa kufanana naye.

Basi naandika, maana mdomo huu haujazoea kufungwa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Ndoo mbili sebuleni.

Alhamisi, 6 Machi

Mama ameletewa robota jingine la kitambaa cheupe. Ni mashuka ya hospitali. Anayashona barazani tangu asubuhi mpaka macho yamuume. Nikirudi kutoka kazini husikia cherehani yake kabla sijafika kona ya mtaa wetu, na nisipoisikia huongeza mwendo.

Hatujapata barua ya mdogo wangu tangu Januari. Hatukuzaliwa wengine, ni mimi na yeye tu. Nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu alipoanza kusema hakunyamaza tena. Akila anasema, akioga anasema, akilala ndiyo usiseme. Alikuwa fundi redio. Mwaka jana akajiandikisha jeshini, wakampeleka kwenye mawasiliano, na siku ya kuondoka akatoka nikiwa kazini, akaniachia salamu kwa jirani kama mtu anayeacha ufunguo. Niliudhika mpaka leo sijamjibu barua hata moja. Mama ndiye humjibu, na huandika "sisi sote tunakusalimu" bila kuniuliza.

Kila Ijumaa Mama hutembea hadi ofisi ya kambi ya jeshi kuulizia.

Jumanne, 11 Machi

Saa moja asubuhi taa ya laini mpya iliwaka. Nikachomeka waya.

"Kisima, Kisima, hapa Ngazi. Najaribu laini."

Kisima ni sisi. Ngazi ni kituo cha mbele kabisa, juu ya kilima ng'ambo ya mto. Na ile sauti ilikuwa ya Chiriku.

"Ngazi, hapa Kisima," nilisema. "Nakusikia vizuri."

Halafu, polepole: "Dada?"

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, visikizio vyake masikioni. Na tusidanganyane, si yeye peke yake aliyenizuia. Hasira ya mwaka mzima ilinipanda. Nikasema moyoni, acha na yeye aonje.

"Endelea, Ngazi."

Akacheka. Nilimsikia akicheka kule vitani, halafu akajikohoza na kunisomea hali ya hewa kama wanavyotakiwa kufanya kila asubuhi: mvua, mawingu ya chini, laini ina unyevu lakini inapitisha.

Jioni Mama akauliza, "Kwema kazini?"

"Kwema, Mama."

Ijumaa, 14 Machi

Mama amerudi kutoka kambini ameloa hadi kwenye mifupa. Hawana habari za mwanawe. Nilimvua viatu, nikamkanda miguu, nikampa chai. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemsikia Chiriku akilalamika kuhusu matope. Nikafungua mdomo. Nikaikumbuka miwani ya kapteni, nikaufunga.

Jumatano, 19 Machi

Tumepata namna. Hali ya hewa hairuhusiwi kuachwa, wala hakuna aliyesema iwe na maneno mangapi.

"Ngazi hapa. Mvua kubwa. Upepo unatoka kwenye soksi za Mrefu."

Mrefu ni mwenzake wa kuvuta nyaya. Nilimsikia akifoka nyuma: "Mwambie asiamini, nimezifua!"

"Kisima hapa," nikasema. Sauti yangu kavu kama karatasi. "Mvua ya wastani. Cherehani inafanya kazi."

Nilijua ameelewa. Alipojibu, sauti ilikuwa imelegea. "Nimepokea, Kisima. Nimepokea vizuri sana."

Kwa hiyo yeye sasa anajua kwamba Mama yu mzima. Mama ndiye hajui lolote.

Jumanne, 25 Machi

Mwenzetu wa zamu ya mchana, yule binti tuliyemwita Kidosho, hayupo tena. Alimwambia mchumba wake, dereva wa lori, ni barabara gani isipitwe Jumapili. Askari wawili wakaja kumchukua palepale kitini. Hata mwavuli wake haujaondoka pale mlangoni.

Kapteni alituambia, "Sikupenda. Lakini nitafanya tena."

Msimamizi alikaa kwenye kiti cha Kidosho, akaimalizia zamu yake. Nilimchukia. Niliona huyu ni jiwe lililovaa gauni.

Jumatano, 26 Machi

Mvua.

Jumanne, 1 Aprili

"Ngazi hapa. Mvua, ukungu bondeni, mto unapanda. Kisima, wapelekee salamu wenye cherehani. Waambie Ngazi hajambo, anakula, na kifua hakimsumbui."

Msimamizi alikuwa mbali, anaandika kumbukumbu za zamu. Ningeweza kumwambia ukweli: nimekatazwa, salamu zako hazitoki humu ndani. Nilichosema ni, "Nimepokea."

Akafurahi. Nilisikia kwamba amefurahi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mama ameanza kukohoa. Nilimwomba asiende kambini, akaenda. Aliporudi alikaa kwenye cherehani bila kushona, mkono juu ya gurudumu.

"Unajua, mimi sitaki hata barua," aliniambia. "Ningemsikia tu akikohoa chumba cha pili, ningelala."

Nikaenda jikoni kuangalia maji ambayo sikuwa nimeyabandika.

Alhamisi, 10 Aprili

Kila asubuhi anatuma salamu. Kila asubuhi napokea. Leo amesimulia kwamba Mrefu ameteleza na galoni zima la supu, kikosi kikalala njaa, na sasa wanamwita Mpishi Mkuu. "Wenye cherehani watacheka," alisema. Na kweli Mama angecheka. Angeirudia hadithi hiyo kwa mtaa mzima, ndiyo maana siwezi kumwambia. Hivyo ndivyo ninavyojieleza.

Ila hasira yenyewe imekwisha. Siku hizi nafika kazini mapema, natamani taa iwake. Akija likizo nitamwambia yote kwa mdomo, nimpige na kofi moja la mgongo.

Jumamosi, 19 Aprili

Mto umekula nguzo mbili za laini. Ngazi walikuwa kimya tangu asubuhi hadi adhuhuri. Sikula. Taa ilipowaka alisema, "Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa naogelea." Hakuwa anatania. Yeye na Mrefu walivuka na waya mabegani.

Jumatano, 23 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokwenda.

Taa ya Ngazi iliwaka kabla ya saa ya hali ya hewa. "Kisima, nipe Nyundo. Haraka." Nyundo ni mizinga yetu, iko huku nyuma ya mji. Nikamuunganisha, nikabaki kwenye laini, maana waya za masika haziaminiki, lazima mtu azisikilize.

Ndivyo nilivyojua kwamba adui ameshuka kwa pande mbili. Kikosi kilikuwa kinarudi nyuma kuvuka daraja. Chini ya kilima kulikuwa na shule waliyoigeuza hospitali, na majeruhi walikuwa wanapakiwa kwenye malori. Barabara ya daraja ilionekana kutoka sehemu moja tu, pale juu Ngazi. Nyundo wanapiga bila kuona. Chiriku ndiye macho yao.

"Nyundo, ongeza mita mia. Kushoto. Hapo, hapo hapo, endeleeni. Lori la kwanza limevuka."

Alikuwa anasema taratibu. Mtoto ambaye hakuwahi kusema jambo lolote taratibu.

Taa ikazimika. Kapteni alikuwa amesimama karibu yangu, akaanza kupiga meza kwa kidole. Tulingoja. Ikawaka: Mrefu ametoka kuunga waya, amerudi, mzima. Malori mengine yakapita. Ikazimika tena, na mara hii ametoka Chiriku, kwa sababu aliporudi alikuwa anahema na nikasikia Mrefu akimwambia, "Kaa chini, mguu wako unavuja damu." Akamjibu, "Nina mwingine."

Mara ya tatu akatoka Mrefu.

Tulikaa muda mrefu. Msimamizi alinishika bega, kisha akaona haya akaondoa mkono. Taa ilipowaka sauti ilikuwa imebadilika.

"Kisima, Ngazi hapa. Mrefu hayupo tena. Nimemalizia yeye alipoishia. Nipe Nyundo."

Nikampa.

Kapteni akachukua kipaza sauti changu. "Ngazi, wenzako wote wameshavuka. Acha mashine, ondoka. Hiyo ni amri."

"Afande, lori la mwisho limekwama matopeni mbele ya daraja. Wanalisukuma. Nikiondoka, Nyundo watawapiga wao."

Kapteni akavua miwani. Akaiangalia, kana kwamba yenyewe ndiyo iliyosema. "Endelea," alisema.

Hapo Msimamizi akamgusa. "Afande, betri zetu zinalegea. Njoo uone mwenyewe." Betri zilikuwa na nguvu zake zote, nilizipima mimi asubuhi. Alimtoa kapteni chumbani, na kwenye mlango akageuka akanitazama mimi, machoni kabisa. Akafunga.

Nilibaki peke yangu na laini.

"Kisima, bado upo?"

"Nipo."

"Hali ya hewa huko?"

Nilikuwa na kila kitu mdomoni. Kwamba ni mimi dada yako. Kwamba hasira ilishakwisha. Kwamba Mama anakohoa na anakutaka nyumbani, kwamba nilizisoma barua zako zote hata nilizojifanya sijazifungua. Mlango umefungwa, hakuna wa kunisikia ila yeye. Na ulimi uliozoea wiki zote hizi ukafanya kile ulichokizoea.

"Kisima hapa," nilisema. "Mvua."

"Nimepokea," akasema. Halafu kwa sauti ya juu, ya furaha: "Limevuka! Nyundo, limevuka, asant—"

Kishindo, na taa ikazimika.

Niliita Ngazi mpaka Msimamizi akaja kunifungua vidole kwenye waya, kimoja kimoja.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemwambia Mama. Nilimkuta kwenye cherehani, nikasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama, Chiriku alikuwa Ngazi. Nilikuwa namsikia kwenye laini. Jana imekatika na hatujui."

"Ulikuwa unamsikia." Hakuuliza, alirudia tu. "Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu. Karibu kila asubuhi. Alikuwa anakutumia salamu."

Aliendelea kukanyaga cherehani hadi mwisho wa pindo. Akakata uzi kwa meno.

"Siku ile niliyoloa, ukanikanda miguu. Ulikuwa umeshaongea naye?"

"Asubuhi yake."

"Ulinikanda vizuri," Mama alisema. Akachukua shuka jingine.

Jumapili, 27 Aprili

Hasemi nami. Chakula ananiwekea, na kukifunika anakifunika. Mvua haijakatika.

Ijumaa, 2 Mei

Kapteni amekuja nyumbani, kofia mkononi, maji yanamchuruzika. Kilima kimerudi mikononi mwetu. Wamemkuta Chiriku chini ya kifusi cha kibanda chake, hai. Mguu utapona. Masikio, alisema, madaktari hawana matumaini nayo. Lile bomu liliangukia ukutani kabisa.

Mama aliketi sakafuni. Kiti kilikuwepo.

Nilimsindikiza kapteni hadi barabarani. "Sikujua kama ni nduguyo," aliniambia. "Msimamizi alijua tangu siku ya kwanza, alisikia ulivyoitwa Dada. Amekiri jana. Anasema alikuwa anasimama nyuma yako ili mimi nisisimame hapo."

Nikamwambia kwamba niliutunza ule mwiko, hata mama yangu hakujua mwanawe yu hai.

Alinitazama kwa mshangao. "Mahali, idadi, safari za magari, hizo ndizo siri. Kwamba mtu yu mzima? Ungeniuliza ningekuruhusu siku hiyohiyo."

Sikuuliza. Wiki zote zile alikaa meza ya pili kutoka yangu, na mimi sikuuliza. Mwanzoni sikuuliza kwa sababu ya hasira. Nilitaka Chiriku akose kitu. Baadaye ikawa mazoea, na nikayapa mazoea jina zuri, kiapo.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda kumtembelea Msimamizi kwake, nikiwa na mkate na maneno ya kumshukuru. Mkate aliupokea. Maneno akayakatiza: "Niliufunga mlango kwa ajili yako mara moja tu. Pole kwamba haikutosha."

Alhamisi, 15 Mei

Hospitali. Yuko kitanda cha dirishani, mguu juu, amelalia shuka ambalo pengine Mama amelishona. Alituona akapiga kelele, "MAMA!" wodi nzima ikageuka. Hajui tena kupima sauti yake. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akaongea, akaongea, na Chiriku akawa anaitazama midomo yake jinsi mtu anavyotazama mvua kupitia kioo.

Kwangu alinyoosha mkono. Niliushika. Sikuwa na la kufanya na mdomo wangu.

Alhamisi, 29 Mei

Leo amevishwa nishani. Jenerali alisoma karatasi ndefu: ujasiri usio na kifani, laini iliyoungwa chini ya moto, malori yote ya majeruhi yaliyofika salama. Watu walipiga makofi. Chiriku aliona mikono inapigwa, akanigeukia, akauliza kwa sauti iliyofika hadi mstari wa nyuma, "Anasema nini?"

Wengine wakacheka, kisha wakajutia kucheka.

Nikamwandikia kiganjani kwa kalamu: *Kwamba ulikuwa shujaa.*

Akasoma, akakunja uso. "Amtaje na Mrefu basi. Ile ya tatu nilitaka kutoka mimi tena, akanikalisha kwa sababu ya mguu. Mbona Mrefu hatajwi?"

Jenerali alikuwa bado amesimama mbele yake. Kwa hiyo naye akamtaja Mrefu.

Jumapili, 1 Juni

Chiriku amerudi nyumbani. Mvua imekatika na jua limetoka kali, Mama ameanika magodoro yote nje.

Tulikula mezani, sisi watatu, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Chiriku anazungumza kidogo siku hizi. Anasema kuongea bila kujisikia ni kama kutupa mawe gizani. Mimi na Mama bado tunapeana maneno ya lazima tu: chumvi, maji, mlango.

Ghafla akaweka kijiko chini, akamgeukia Mama.

"Unajua kitu kilichonitia nguvu kule?" alisema, kwa sauti yake mpya iliyo kubwa. "Kila asubuhi nilikuwa najua kwamba jioni utapata salamu. Nilikuwa natafuta kitu cha kukuchekesha. Mrefu alikuwa ananisaidia kutunga. Siku ile ya mwisho naogopa mpaka meno yanagongana, nikasema, hata nikifa, Mama ana habari zangu hadi jana." Akatabasamu. "Zilikuwa zinafika, salamu zangu?"

Nilitazama sahani. Nikangoja, nikijua ninachostahili. Kalamu na karatasi vilikuwa pale mezani, vile tunavyomwandikia. Ningeweza kuvichukua mwenyewe. Mkono haukunyanyuka.

Mama akaitikia kwa kichwa. Mara moja, halafu tena, polepole, ili aone vizuri. Akavuta karatasi, akaandika kwa herufi zake kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi, na mimi nikazisoma kutoka upande wa pili, juu chini: *Zilifika zote. Nilicheka sana.*

Chiriku alisoma, akacheka, akaendelea kula. Alikula sana leo.

Baadaye nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anasugua sufuria, mgongo kwangu. Nikasema, "Mama, asante."

Hakugeuka. "Usidhani nimefanya kwa ajili yako," alisema.

Akaendelea kusugua. Halafu, bado bila kugeuka, akasema, "Sasa keti hapo uniambie. Zote, moja baada ya nyingine. Ataniuliza ipi ilinichekesha zaidi."

Nikaketi. Nikaanza na soksi za Mrefu. Mama hakucheka.